Herufi za Nukta na Irabu Saba: Uchapishaji wa Lugha za Eastlands kwa Kompyuta za Awali

1.0 Utangulizi

Tahajia ya lugha za Kiafrika imejadiliwa sana kama suala la fonolojia, la siasa au la madhehebu ya kidini. Ni nadra kujadiliwa kama suala la mashine. Hata hivyo, tangu kompyuta ndogo zianze kuingia katika ofisi, shule na makanisa ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, uamuzi wa jinsi neno litakavyoonekana kwenye karatasi haukuwa tena wa mwandishi na mhariri peke yao. Sehemu kubwa ya uamuzi huo ilikuwa imekwisha kufanywa mbali, na mtu aliyechora herufi za printa na kuzipangia namba.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi herufi hizo zilivyoundwa, kwa nini baadhi ya lugha zilipita katika mashine bila ya taabu na nyingine zikakwama, na ni athari zipi zilizobaki katika maandishi yaliyotokana na mashine hizo. Mifano inatolewa kutokana na lugha zinazokutana katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kuanzia Pumwani, Kaloleni na Makongeni hadi Bahati, Jericho, Maringo, Buruburu, Umoja na Dandora. Eneo hili linafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu Kigikuyu, Kikamba, Kiluhya, Dholuo na Kiswahili husikika katika ploti moja, na majina ya wasemaji wa lugha zote hizo huandikwa katika orodha moja: ya wapangaji, ya wanafunzi, ya wanakwaya au ya chama cha mazishi.

2.0 Jinsi nukta zinavyokuwa herufi

Katika taipureta, herufi ni kipande cha chuma kilichokwisha kuchongwa. Kikipigwa juu ya utepe wa wino, umbo lake lote hutokea kwa pigo moja. Printa za nukta zilifuata njia nyingine. Kichwa cha printa kilikuwa na pini zilizopangwa wima, kwa kawaida tisa, na kila pini ilipopiga utepe ilitoa nukta moja. Kichwa kilitembea kutoka kushoto kwenda kulia, na pini zilizohitajika zikapiga katika kila hatua. Herufi ilikuwa, kwa hiyo, mkusanyiko wa nukta katika miraba, mfano wa mchoro unaofumwa katika mkeka: jicho likiwa mbali huona umbo, likisogea karibu huona nyuzi.

Ramani inayoonyesha ni miraba ipi yenye nukta na ipi iliyo tupu ndiyo inayoitwa bitimapu, na seti nzima ya ramani hizo, herufi kwa herufi, ni fonti ya bitimapu. Katika printa ya Epson MX-80 iliyotoka mwaka 1980, pini zilikuwa tisa, umbali kati ya pini na pini ukiwa sehemu moja ya 72 ya inchi. Kampuni ya IBM ilipoanza kuuza kompyuta yake ndogo mwaka 1981, printa iliyoambatana nayo ilitengenezwa na Epson kwa msingi huohuo. Mkabala huu ukawa kigezo kilichoigwa na watengenezaji wengi.

Fonti ilihifadhiwa katika kumbukumbu isiyofutika ndani ya printa yenyewe. Skrini nayo ilikuwa na fonti yake, iliyohifadhiwa mahali pengine. Jambo hili ni la kuzingatiwa sana, kwa maana ina maana kwamba kompyuta haikupeleka umbo la herufi kwenye printa. Ilipeleka namba tu. Printa ikatazama namba hiyo katika jedwali lake na kupiga umbo ililolikuta hapo. Ikiwa umbo halikuwamo, hapakuwa na namna ya kulitaja.

3.0 Jedwali la namba

Jedwali lililoenea zaidi lilikuwa ASCII, lililotolewa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Lina nafasi 128, na kati ya hizo 95 ndizo zinazochapika. Zinatosha kwa herufi za Kiingereza, tarakimu na alama za uandishi. IBM iliongeza nafasi nyingine 128 katika jedwali lililojulikana baadaye kwa namba 437. Humo mlitiwa baadhi ya herufi za lugha za Ulaya, herufi chache za Kiyunani zitumiwazo katika hisabati, na mistari ya kuchorea majedwali.

Katika jedwali hilo la 437 alama ya wimbi imo juu ya n, kwa ajili ya Kihispania. Alama ya kofia imo juu ya i na juu ya u, yaani î na û, kwa ajili ya Kifaransa. Lakini ĩ na ũ, ambazo hazikosekani katika mstari wowote wa Kigikuyu au Kikamba, hazimo. Jedwali la kimataifa la ISO 8859-1 la mwaka 1987 lilizidisha herufi za Ulaya Magharibi, nalo pia halikuwa na ĩ wala ũ. Mwaka uliofuata herufi hizo mbili zilipata nafasi katika jedwali la ISO 8859-4. Jedwali hilo lilikusudiwa lugha za nchi za Baltiki, Kisami na Kigreenland, na ni Kigreenland, katika tahajia yake ya zamani, kilichokuwa na haja nazo. Hivyo irabu za Kigikuyu ziliingia katika viwango vya kimataifa zikiwa mgeni wa mwenye nyumba mwingine.

Isidhaniwe kuwa wanaisimu wa Afrika walikuwa wamelala. Alfabeti ya Afrika ilikwisha kutolewa na Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, London, na kurekebishwa mwaka 1930. Mkutano wa Niamey wa mwaka 1978, chini ya UNESCO, ulipendekeza alfabeti ya marejeo kwa lugha za bara zima. Mwaka 1983 Shirika la Viwango la Kimataifa lilitoa kiwango namba 6438, kilichokuwa jedwali la herufi za Kiafrika kwa ajili ya kazi za maktaba. Lakini kiwango kilichochapwa katika kijitabu ni kitu kimoja, na fonti iliyochomwa ndani ya printa iliyokwisha kununuliwa ni kitu kingine.

4.0 Irabu saba katika mistari tisa

Kigikuyu kina irabu saba. Tahajia yake huziandika i, ĩ, e, a, o, ũ, u. Herufi ĩ huwakilisha sauti iliyo kati ya i na e, na ũ sauti iliyo kati ya u na o. Alama ya wimbi si pambo, kwa kuwa hutenganisha fonimu. Gũtũma ni kutuma, na gũtuma ni kushona. Alama ikiondolewa katika mzizi, anayetumwa dukani na anayeshona nguo huwa wamefanya jambo lilelile.

Mfano huu una faida ya pekee kwa wasomi wa Kiswahili. Wanaisimu wa Kibantu hurejesha mizizi hiyo miwili katika lugha-mame yenye irabu saba. Kiswahili kilipunguza irabu hizo hadi tano, lakini kabla ya hapo irabu ya juu kabisa ilikuwa imekwisha kugeuza konsonanti iliyoitangulia. Ndiyo maana Kiswahili kina tuma kwa upande mmoja na fuma kwa upande wa pili. Tofauti iliyopotea katika irabu ilihamia katika konsonanti, na maana ikasalimika. Lugha ikipoteza kitu kwa njia yake yenyewe, huweka akiba mahali pengine. Printa iliyofuta alama ya Kigikuyu haikuweka akiba yoyote.

Je, tatizo lilikuwa ni ufinyu wa nafasi? Katika kichwa cha pini tisa, herufi kubwa huchukua mistari saba ya juu, na mistari miwili ya chini huachiwa mikia ya g, p na y. Mwili wa herufi ndogo kama u huchukua mistari mitano, wa tatu hadi wa saba. Inabaki mistari miwili juu yake. Wimbi linahitaji mistari miwili ili lipande na kushuka. Likichukua yote miwili, nukta zake hugusa vichwa vya u, na msomaji huona u yenye miguu mirefu. Likipewa mstari mmoja tu, si wimbi tena bali kistari. Njia iliyobaki ni kuufupisha mwili wa u uwe wa mistari minne. Umbo linalopatikana ni hili:

Mchoro 1: herufi ũ katika mistari minane na safu tano

128  . # # . #
 64  # . . # .
 32  . . . . .
 16  # . . . #
  8  # . . . #
  4  # . . # #
  2  . # # . #
  1  . . . . .

Namba zilizo kushoto ni thamani ya kila pini. Zikijumlishwa thamani za nukta katika kila safu wima, kutoka kushoto, hupatikana 92, 130, 130, 68 na 158. Kwa printa, namba hizo tano ndizo ũ. Epson FX-80, iliyotoka mwaka 1983, iliruhusu mtumiaji kupeleka namba za namna hii ili printa izihifadhi kwa muda na kuzitumia mahali pa herufi nyingine, mradi apange safu kwa utaratibu iliyoutaka. Umeme ulipokatika, herufi hizo zilisahaulika na ilibidi zipelekwe upya.

Ni dhahiri, basi, kwamba pini tisa ziliweza kuandika ũ inayosomeka. Ilikuwa na mwili mfupi, lakini ilikuwa ũ. Taabu kubwa zaidi ilikuwa katika herufi kubwa, kwa kuwa Ũ yenye mistari saba haiachi nafasi yoyote juu, na hapana budi ipunguzwe sana hata ikaribie kimo cha herufi ndogo. Hata hivyo, kwa maandishi ya kawaida, kikwazo hakikuwa chuma cha pini wala upana wa karatasi. Kikwazo kilikuwa kwamba aliyechora jedwali hakuwa amesikia habari za lugha hiyo, na aliyehitaji herufi hiyo hakuwa amefundishwa kuichora.

5.0 Njia za kukwepa na gharama zake

Palipokosekana ĩ na ũ, njia nne zilikuwapo.

(a) Kuacha alama kabisa. Hii ndiyo iliyokuwa rahisi na ndiyo iliyoenea kuliko zote. Mũthoni akawa Muthoni, Wanjikũ akawa Wanjiku, na Ndũkũ wa Kikamba akawa Nduku.

(b) Kurudi na kalamu. Nafasi iliachwa juu ya herufi, na mawimbi yakatiwa kwa mkono baada ya karatasi kutoka. Njia hii ilirithiwa kutoka enzi za taipureta na stensili. Ilihifadhi tahajia katika karatasi, lakini si katika diski. Nakala ya pili ilipochapwa, kazi ilianza upya.

(c) Kupiga juu ya herufi. Mashine iliamriwa kupiga u, kurudi nyuma hatua moja, kisha kupiga wimbi. Katika fonti nyingi alama ya wimbi ilikuwa imechorwa karibu na kati ya kimo cha mstari, kwa hiyo iliikata u tumboni badala ya kukaa juu yake. Na i ilibaki na nukta yake.

(d) Kuazima kofia. Kwa kuwa î na û zilikuwamo katika jedwali la 437, ziliweza kuchukua nafasi ya ĩ na ũ. Njia hii ilihifadhi utengano wa fonimu, na kwa mwanaisimu ndiyo iliyokuwa bora kati ya hizo nne. Kasoro yake ni kwamba jedwali hilo lilikuwa na kofia kwa herufi ndogo tu. Neno lililoandikwa kwa herufi ndogo lilikuwa na irabu saba. Neno hilohilo likiwekwa katika kichwa cha habari kwa herufi kubwa, lilibaki na irabu tano.

Kasoro hii ya mwisho ina uzito usioonekana mara moja. Ni maandishi gani yapendayo herufi kubwa? Ni fomu, vyeti, orodha za mishahara, bahasha, na jina la marehemu juu ya programu ya mazishi. Hayo ndiyo maandishi ambayo mtu huulizwa baadaye kama jina lake limeandikwa sawasawa. Majina ya mitaa yenyewe, Bahati, Maringo, Jericho au Kaloleni, hayakudhurika, maana hayana alama. Waliodhurika ni wakazi wake.

6.0 Sikio na karatasi

Athari moja ya hali hii inaonekana wazi katika Eastlands, ambako jina la Kigikuyu husomwa kila siku na mtu asiyejua Kigikuyu. Anayelisikia jina Wangarĩ kutoka kinywani mwa mama mzazi husikia irabu ya mwisho iliyo karibu na e ya Kiswahili. Anayelisoma kutoka orodha iliyochapwa hukuta i, na hutamka i. Sikio na karatasi zimeachana.

Sheng, iliyochipuka katika mitaa hiyo, imefuata sikio. Neno la Kigikuyu wĩra, yaani kazi, limeingia katika Sheng likiwa wera. Vijana walilichukua mtaani, na walilichukua kama walivyolisikia. Lau wangalilichukua kutoka karatasi ya printa wangalisema wira.

Jambo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mmisionari Krapf, alipouona mlima mkubwa mwaka 1849 akiwa Ukambani, aliandika jina lake Kenia. Alifuata sikio lake, na e yake ndiyo iliyofika katika jina la nchi. Jina la Kigikuyu la mlima huohuo, Kĩrĩnyaga, limefika katika jina la kaunti ya leo kwa njia ya maandishi yaliyoachwa bila ya alama, nalo ni Kirinyaga. Irabu moja imetoa e katika jina la nchi na i katika jina la kaunti.

7.0 Lugha zilizopita bila ya taabu

Kiswahili, Dholuo na lugha za Kiluhya zilipita katika printa za nukta kwa urahisi, na pengine wasemaji wake hawakuwahi kuona kuwa pana tatizo. Inafaa kuuliza urahisi huo ulinunuliwa kwa bei gani. Dholuo ina irabu zaidi ya tano, lakini tahajia yake huziandika kwa herufi tano tu na kumwachia msomaji kazi ya kutenganisha. Iliwafaa wenye mashine kwa sababu ilikuwa imekwisha kujinyima kabla ya mashine kufika.

Kiswahili nacho kiko katika hali hiyohiyo. Tahajia sanifu iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha kuanzia mwaka 1930 haina alama ya mpumuo. Katika Kimvita, paa mnyama hutamkwa kwa mpumuo, na paa la nyumba hutamkwa bila ya mpumuo. Kadhalika kaa wa baharini na kaa la moto. Wako waandishi waliozitenganisha kwa ritifaa baada ya konsonanti, lakini tahajia sanifu haikuwafuata. Hivyo Kiswahili kinachotoshelezwa na herufi za Kiingereza ni kile kilichokwisha kupunguzwa kikatoshelezwa.

Imebaki alama moja tu, ritifaa ya ng'. Ng'oa ni kung'oa mti; ngoa ni tamaa au wivu. ASCII inayo ritifaa hiyo, katika namba 39, kwa hiyo ilichapika siku zote. Lakini kwa programu nyingi namba hiyo ni alama ya kunukuu au mpaka wa neno, si sehemu ya herufi. Matokeo yake ni kwamba ng'ombe anaweza kukatwa mwishoni mwa mstari, ng' ikabaki juu na ombe ikashuka chini, au kuwekwa mahali pasipo pake katika orodha iliyopangwa kialfabeti.

8.0 Baada ya printa za nukta

Teknolojia haikusimama. Mfumo wa TeX wa Donald Knuth, ulioanza mwaka 1978, uliweza kuweka alama juu ya herufi yoyote, na ulikuwa na i isiyo na nukta kwa kazi hiyohiyo. Printa za leza zilienea kuanzia mwaka 1984 zikiwa na nukta 300 kwa inchi, na ufinyu wa mistari tisa ukaisha. Fonti za TrueType, zilizotoka mwaka 1991, zilihifadhi mzingo wa herufi badala ya nukta zake, ili ichapike kwa ukubwa wowote. Mwaka huohuo toleo la kwanza la Unicode lilitoa namba ya kudumu kwa ĩ na kwa ũ, kubwa na ndogo. Fonti nyingi zenye herufi hizo leo zinazo pia kwa sababu Kivietnamu kinazihitaji.

Isifikiriwe, hata hivyo, kuwa fonti za bitimapu zimezikwa. Printa ndogo za joto zinazotoa risiti katika maduka ya Nairobi zinaendeleza asili ya printa za nukta. Katika aina zilizoenea, herufi hupangwa katika miraba 12 kwa 24, na mashine hupokea namba kutoka majedwali ya zamani, lile la 437 likiwa miongoni mwao. Mashine ina nukta za kutosha kabisa kuchora ũ, lakini jedwali lake halina pa kuitia. Hoja iliyotolewa katika sehemu ya 4.0 inathibitika tena: nafasi katika karatasi haikuwa sababu ya msingi.

9.0 Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, mambo matatu yanafaa kuzingatiwa na idara za lugha.

Kwanza, maandishi yaliyochapwa kwa printa za nukta yasichukuliwe kuwa ushahidi wa tahajia aliyoikusudia mwandishi. Palipo na û, isomwe ũ. Palipo na u tupu katika maandishi ya Kigikuyu au Kikamba, iulizwe kwanza mashine ilikuwa ipi.

Pili, maandishi ya namna hiyo yanapoingizwa katika kompyuta za leo, kurudisha alama hakuwezi kuachiwa programu peke yake. Kofia inaweza kubadilishwa kuwa wimbi kwa amri moja, lakini irabu iliyovuliwa alama yake hurudishwa na msemaji wa lugha anayejua kama hapo palitumwa mtu au palishonwa nguo. Wasemaji waliozitunga nyimbo, hotuba na kumbukumbu za vyama katika miaka hiyo wanazeeka, na kazi hii haiwezi kungoja sana.

Tatu, elimu ya namba za herufi iingizwe katika mafunzo ya wanaisimu pamoja na fonetiki na mofolojia. Jedwali la namba 256 lilikuwa dogo kuliko orodha ya ngeli pamoja na viambishi vyake, na lingeweza kufundishwa kwa wiki moja. Kwa kutofundishwa, wasomi wa lugha waliiacha alfabeti mikononi mwa watu ambao hawakuwa na nia mbaya, ila hawakujua kuwa gũtũma na gũtuma ni maneno mawili.